Michael Faraday: Mjalidi Vitabu Aliyetuachia Neno Katodi



Ukiteremka kutoka Kamembe kuelekea mpaka wa Bukavu, unafika pale Mto Rusizi unapoliaga Ziwa Kivu. Maji hayo hayaendi bure. Mpakani kuna kituo cha umeme cha Rusizi ya Kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na chini yake kuna Rusizi ya Pili ya mwaka 1989, ambayo Rwanda, Burundi na Kongo zinaimiliki kwa pamoja. Kila mtambo unaozunguka pale unatii jambo aliloliona Michael Faraday mwaka 1831: sumaku na waya vikipishana, umeme unazaliwa ndani ya waya. Ndiyo maana jina lake liko katika kila kitabu cha fizikia cha sekondari, na mwanafunzi akishamaliza mtihani anamsahau.

Makala hii inamchukua kwa upande ambao vitabu vya shule huupita haraka. Umeme wa mto hausafiri bila waya. Pikipiki za umeme zinazobeba abiria Kigali, simu iliyo mkononi mwako na taa ya sola ya kijijini zinahitaji betri, na betri za leo ni nzito mno kwa umeme kidogo zinaoubeba. Watafiti wengi wanaitamani betri ya lithiamu na hewa, ambayo upande wake mmoja unavuta oksijeni kutoka nje badala ya kuibeba. Betri hiyo bado haijauzwa dukani. Kikwazo chake kikubwa kipo katika katodi, juu ya uso wa vipande vya metali vidogo kuliko chochote kinachoonekana kwa jicho. Faraday ndiye aliyeleta neno katodi katika sayansi, ndiye aliyechunguza kwa subira kwa nini uso wa platini unachochea gesi, na ndiye aliyetengeneza chembe za nano za dhahabu na kuzielewa kabla ya mtu yeyote kuziita hivyo. Mambo matatu, katika miaka tofauti, na mwenyewe hakujua kwamba siku moja yangekutana katika betri moja.

Huenda wengine mngependa tuanze na Jabir ibn Hayyan. Zamu yake ipo.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu, na siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Mwaka 1801, bei ya chakula ilipopanda, Michael alipewa mkate mmoja uwe chakula chake kwa wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu za kawaida tu. Hesabu za juu hakuzijua hadi kufa kwake.

Akiwa na miaka 13 aliajiriwa kuwa tarishi katika duka la vitabu la George Riebau, mtaa wa Blandford. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, kazi aliyoifanya kwa miaka saba. Vitabu vililetwa kushonwa, naye akavisoma kabla ya kuvirudisha. Katika ensaiklopidia alisoma makala ndefu kuhusu umeme. Katika kitabu cha mama mmoja, Jane Marcet, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasio wasomi, alijifunza kemia. Kisha akanunua chupa na vipande vya metali kwa senti zake na kujaribu yale aliyoyasoma, kwani hakupenda kuamini jambo ambalo hajaliona. Kaka yake Robert, naye mhunzi, alimpa shilingi za kuingilia mihadhara ya jioni ya sayansi. Ninataja shilingi hizo kwa sababu wasifu wa wakubwa hupenda kuwasahau ndugu waliolipa ada.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia aliyevuma kuliko wote Uingereza, katika Taasisi ya Kifalme mjini London. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vyombo, akajalidi kurasa zake zikawa kitabu cha kurasa karibu 300, na kumpelekea Davy mwenyewe. Ujuzi wa gundi na uzi ukafungua mlango ambao shule haikuufungua. Msaidizi wa maabara alipofukuzwa kwa kupigana, Davy alimkumbuka kijana huyo. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday akaingia kazini. Mshahara ulikuwa mdogo, na juu yake alipewa vyumba viwili ghorofani, makaa na mishumaa. Alikaa katika jengo hilo karibu maisha yake yote.

Miezi michache baadaye Davy alimchukua safari ya Ulaya iliyodumu mwaka mmoja na nusu. Paris alikutana na Ampère, na Milan akamwona mzee Volta, aliyetengeneza betri ya kwanza. Ilikuwa elimu kubwa, lakini ilikuwa na gharama. Mke wa Davy alimfanya mtumishi, hata mezani akiwekwa na watumishi wengine. Faraday alifikiria kurudi nyumbani, akavumilia.

Katika miaka hiyo metali ya lithiamu ilikuwa ndiyo kwanza inaingia duniani. Msweden Johan August Arfwedson aliigundua ndani ya jiwe mwaka 1817, na mwaka 1821 William Brande, profesa wa kemia katika Taasisi ile ile aliyofanya kazi Faraday, alitumia umeme kutenga kiasi kidogo sana cha metali yenyewe. Ni nyepesi kuliko metali zote, hata inaelea juu ya mafuta ya taa. Hakuna aliyejua ifanyiwe nini.

Mwaka huo huo wa 1821 Faraday alimwoa Sarah Barnard. Hawakujaliwa watoto. Alifanya pia waya wenye umeme uzunguke sumaku, yaani mota ya kwanza, na sifa hiyo ikamletea maneno, kwani watu walimshuku kwamba alichukua wazo la mwanasayansi mwingine. Jina lake lilipopendekezwa kuingia katika Jumuiya ya Kifalme, aliyempinga alikuwa Davy, mwalimu wake. Faraday alichaguliwa mwaka 1824 hata hivyo, na maisha yake yote akaendelea kumtaja Davy kwa heshima. Tumewaona wanafunzi wengi waliovunjwa na mwalimu mwenye wivu, kwa hiyo ninaona jambo hili lina uzito kuliko baadhi ya ugunduzi wake.

Kuhusu mwaka 1831 nimekwisha kusema. Twende 1833 na 1834, kwani hapo ndipo betri yetu inapoanza.

Faraday alikuwa anapima jinsi umeme unavyopasua maji na chumvi zilizoyeyuka. Aligundua kwamba kiasi cha kitu kinachotengwa kinalingana kabisa na kiasi cha umeme uliopita: ukipitisha umeme mara mbili, unapata gesi au metali mara mbili. Leo, mtu anapokokotoa gramu moja ya lithiamu inaweza kutoa umeme kiasi gani, anatumia kanuni hiyo bila kubadilisha neno. Lakini maneno ndiyo yaliyokosekana. Watu walisema ncha chanya na ncha hasi, kana kwamba ncha hizo zinavuta vitu kama sumaku, na Faraday hakukubali picha hiyo. Alimwandikia William Whewell wa Cambridge, mjuzi wa Kigiriki, akitafuta majina yasiyobeba dhana ya mtu yeyote. Kati yao yakapatikana anodi na katodi. Wazo lilikuwa hili: elekeza mkondo wa umeme utoke mashariki kwenda magharibi kama jua linavyokwenda. Anodi ni upande wa mawio, njia ya kupanda. Katodi ni upande wa machweo, njia ya kushuka. Maneno ioni, elektrodi na elektroliti yaliingia katika matumizi kupitia kazi hiyo hiyo.

Sasa platini. Katika kupima gesi za maji, Faraday alikusanya hidrojeni na oksijeni pamoja ndani ya bomba la kioo ambalo lilikuwa bado na vipande vya platini. Akazima umeme, akaliacha. Aliporudi, gesi ilikuwa imepungua, na iliendelea kupungua. Mtu mwingine angesema bomba linavuja, akaandika vipimo vipya na kuendelea na safari. Yeye aliacha kazi aliyokuwa nayo, akafuata gesi iliyopotea.

Gesi hizo mbili zilikuwa zinaungana polepole kurudi kuwa maji, na kilichoziunganisha kilikuwa uso wa platini. Johann Döbereiner wa Ujerumani alikwisha kuonyesha mwaka 1823 kwamba platini iliyo kama sponji inawasha hidrojeni. Lakini kwa nini kipande kimoja kina nguvu na kingine hakina? Mwanzoni ilionekana kwamba ni kile kilichokuwa anodi ndicho chenye uwezo, kana kwamba umeme umeacha kitu ndani yake. Faraday akajaribu njia nyingine: akakisugua kipande, akakichoma na magadi makali, akakitumbukiza katika asidi ya salfa ya moto, akakiosha. Kikafanya kazi vilevile bila umeme wowote. Jibu likawa rahisi mno: usafi. Kilichokuwa anodi kilikuwa kimesafishwa tu. Kipande kilichoachwa wazi hewani kilianza kupoteza nguvu kwa muda mfupi, kwa sababu uchafu mwembamba usioonekana ulikifunika. Gesi nyingine, kama monoksidi ya kaboni, zilizuia kazi kwa kuwepo tu. Haya yote aliyaeleza mwaka 1834. Neno la Kizungu tunalolitafsiri kuwa kichocheo lilikuja mwaka uliofuata, kutoka kwa Berzelius wa Sweden.

Soma tena aya hiyo ukiwa na betri ya lithiamu na hewa mbele yako. Betri hiyo ina kipande cha lithiamu upande wa anodi na kaboni yenye matundu mengi upande wa katodi. Inapotoa umeme, lithiamu inaachia elektroni zipite kwenye waya, nazo ioni zake zinapita katika elektroliti hadi katodi. Pale zinakutana na oksijeni na kuwa peroksidi ya lithiamu. Kwa hesabu za karatasini, ukihesabu na uzito wa oksijeni, kila kilo ya kitu hicho inabeba nishati karibu wati-saa 3,500, wakati betri nzuri za lithiamu tunazotumia sasa zinabeba takriban 250 kwa kilo. Lakini peroksidi hiyo ni kitu kigumu kisichopitisha umeme vizuri. Inatanda juu ya uso wa katodi, inaziba matundu, na betri inazimika hali lithiamu bado ipo. Ni platini ya Faraday iliyofunikwa, ila safari hii kinachofunika ni zao lenyewe la kazi.

Kuirudisha ni kazi nyingine. Betri hiyo kwa asili ina volti karibu 2.96. Katika katodi ya kaboni tupu, wakati wa kuchaji inabidi kusukuma volti zaidi ya 4 ili peroksidi ivunjike, na tofauti hiyo ni umeme uliopotea bure. Hapo ndipo watafiti wanatafuta kichocheo, na wanakitaka kiwe chembe ndogo. Sababu inaonekana kwa hesabu ya kawaida. Gramu moja ya dhahabu ikiwa kipande kimoja cha mraba kama dadu, uso wake wote haufiki sentimita moja ya mraba. Gramu hiyo hiyo ikigawanywa kuwa chembe za nanometa 10, uso unafika mita za mraba 31, sawa na sakafu ya chumba kikubwa. Dhahabu ni ile ile, bei ni ile ile, na mahali pa kufanyia kazi pameongezeka mara laki kadhaa.

Faraday alifika kwenye dhahabu akiwa mzee. Akili yake ilikuwa imechoka tangu 1839, kumbukumbu zikimpotea, na kwa miaka kadhaa alilazimika kupumzika. Mwaka 1856 alianza kuchunguza jinsi mwanga unavyopita katika dhahabu nyembamba. Alinunua majani ya dhahabu kwa mafundi, akayapunguza zaidi kwa kemikali, akatengeneza pia utando wa dhahabu kwa kutumia fosforasi. Alipokuwa anauosha utando huo, maji ya kuoshea yalibaki na wekundu kama wa kito cha rubi. Hakuyamwaga. Akapitisha mwale wa mwanga ndani yake, njia ya mwale ikaonekana kama vumbi linavyoonekana juani mlangoni asubuhi. Basi ndani ya maji mlikuwa na kitu, chembe za dhahabu yenyewe, ndogo kiasi ambacho hadubini za wakati wake hazikuweza kuzionyesha.

Kisha akatia chumvi. Wekundu ukageuka zambarau, ukawa buluu. Dhahabu haikuongezeka wala kupungua. Chembe zilikuwa zimeshikana na kuwa kubwa. Mwezi Februari 1857 aliyaeleza haya mbele ya Jumuiya ya Kifalme, na wanaofanya kazi ya nano leo huhesabu mhadhara huo kuwa mwanzo wa fani yao. Kwa betri yetu rangi hiyo ya buluu ni onyo, kwa sababu chembe za kichocheo ndani ya katodi nazo hushikana kadiri betri inavyochajiwa na kutumiwa, na uso ule wa mita 31 unarudi kupungua.

Betri ya lithiamu na oksijeni yenye elektroliti isiyo ya maji ilionyeshwa mwaka 1996 na K. M. Abraham na Z. Jiang huko Marekani. Mwaka 2010 kundi la Yang Shao-Horn katika chuo cha MIT liliweka chembe za dhahabu na platini pamoja juu ya kaboni. Dhahabu ilisaidia wakati wa kutoa umeme, platini wakati wa kuchaji, na volti za kuchaji zikashuka hadi wastani wa karibu 3.6. Habari hiyo ilifurahisha wengi. Mwaka uliofuata furaha ikapungua: Bryan McCloskey na wenzake walipima gesi zinazoingia na kutoka, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya kazi ya vichocheo hivyo ilikuwa kuharibu elektroliti yenyewe. Kichocheo hakichagui; kinaharakisha kilicho karibu, kiwe kizuri au kibaya. Mwaka 2012 kundi la Peter Bruce huko Uskoti liliondoa kaboni kabisa, likatumia dhahabu yenye matundu ya nano na elektroliti nyingine, betri ikachajiwa mara 100 na kubakiza asilimia 95 ya uwezo wake. Ilikuwa hatua ya kweli, ila nani ataweka dhahabu nzito namna hiyo katika pikipiki?

Angalieni kwamba aliyeleta mashaka ya 2011 alifanya kama Faraday wa 1834: alihesabu gesi na kuuliza iliyopotea imekwenda wapi. Bila hesabu hiyo, maabara nyingi zingeendelea kushangilia kipimo cha volti peke yake. Na tukumbuke kwamba wengi wanatumia oksijeni safi kutoka kwenye mtungi. Hewa ya kweli ina mvuke wa maji na dioksidi ya kaboni, na zote mbili zinaiharibu kazi hiyo. Hewa ya kando ya Ziwa Kivu wakati wa masika ingekuwa mtihani mgumu kwa betri ya namna hiyo, na atakayeujaribu mtihani huo hahitaji kuwa London.

Lithiamu yenyewe haiko mbali nasi. Manono, katika jimbo la Tanganyika huko Kongo, kulikochimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji, kuna mojawapo ya akiba kubwa za mawe ya lithiamu duniani. Jiwe linaweza kuondoka kwa lori likiwa jiwe. Thamani inaingia pale mtu anapojua kilichomo juu ya uso wa katodi, na ujuzi huo kwa sasa unakaa mbali na Manono kuliko sisi tunavyokaa.

Faraday alikuwa mtu wa dini, mzee wa kanisa dogo lisilothamini mali, na aliishi hivyo. Alikataa cheo cha urais wa Jumuiya ya Kifalme. Kwa miaka mingi aliwafundisha watoto sayansi wakati wa likizo ya Desemba kwa kutumia kitu kama mshumaa. Daftari lake la maabara lina aya zaidi ya 16,000, kila moja na namba yake, pamoja na majaribio mengi yaliyoshindwa ambayo hakuyafuta. Mwaka 1858 alipewa nyumba Hampton Court, na huko ndiko alikofariki tarehe 25 Agosti 1867, ameketi kitini. Alizikwa Highgate, kaskazini mwa London, chini ya jiwe lenye jina lake na tarehe mbili.

Baadhi ya chupa zake za dhahabu zimehifadhiwa katika Taasisi ya Kifalme. Maji yake bado ni mekundu.